Kazi inayoishia kwenye chumvi

Msimu wa uwindaji wa kitalii unapofunguliwa mwezi Julai, katika mapori ya akiba ya Rungwa, Kizigo na Muhesi, upande wa Manyoni na Itigi, huanza kazi moja ya mikono ambayo haitajwi kwenye hotuba za utalii wala kwenye taarifa za mapato. Mgeni akishamwangusha tandala na kupiga naye picha, anarudi kambini kuoga. Anayebaki na mnyama ni mchunaji, mtu aliyejifunza kazi kwa kumtazama mchunaji mwingine. Kichwa kikiwa ni cha kutundikwa ukutani, kisu hakipiti kooni kama kwa mbuzi wa kitoweo. Kinazunguka nyuma ya mabega, kinapanda juu ya uti wa shingo na kuishia kati ya pembe, ili mshono wote uje ujifiche. Masikio yanageuzwa ndani nje kama soksi mpaka kwenye ncha, gegedu likiachana na ngozi bila tundu hata moja. Midomo inapasuliwa kwa upande wa ndani, kope zinaachwa nzima, nyama ya puani inapunguzwa kidogo kidogo. Kisha chumvi, konzi kwa konzi, ikisuguliwa hadi kwenye mikunjo. Ngozi inakunjwa ichuruze maji usiku kucha, chumvi chafu inakung'utwa, inapakwa nyingine, ndipo inaanikwa kivulini. Pale chumvi iliposahaulika, hata pakiwa na upana wa ukucha tu, pataoza, na nywele zitanyonyoka miezi kadhaa baadaye mbele ya mtu mwingine, katika nchi nyingine.

Maana ngozi hiyo haibaki. Inafungwa kwenye sanduku pamoja na fuvu na pembe, inapata vibali vyake, inasafirishwa hadi Marekani, Ulaya au Afrika Kusini, na huko fundi anailainisha, anaivisha kwenye kiunzi, anaiwekea macho ya kioo na kupata sifa ya kumfanya mnyama aonekane hai. Wachunaji wa nyanda za kati wanafanya nusu ya kazi, tena nusu isiyovumilia kosa, halafu nusu ya pili, yenye raha na yenye kufikirisha, inaenda kufanywa na wengine. Hoja ya makala hii ni kwamba raha hiyo ni ya kweli, haina uhusiano wa lazima na bunduki wala na fahari ya kuua, na ipo sababu ya msingi ya kuirudisha Dodoma, Singida na Kondoa. Wa kuanza naye wala si tandala. Ni kiumbe ambaye wakulima wetu wanamlaani kila mwaka.

Kwanza tuulize kwa nini mtu mwenye akili timamu aamue kutumia jioni zake akiwa na kisu, pamba na ndege aliyekufa. Jibu la haraka, linalosikika mara nyingi, ni kwamba anapenda mauti, au kwamba ni mwindaji anayetaka kujisifu. Jibu hilo halilingani na watu wenyewe. Uingereza, ambako mafundi wa kazi hii wana chama chao tangu mwaka 1976, wengi wa wanaoifanya hawajawahi kuwinda. Wanaokota ndege aliyegonga dirisha, mbweha aliyekanyagwa na gari, bundi aliyekufa kwa uzee kwenye kituo cha kufugia. Marekani hufanyika mashindano ya dunia ya taksidemia, yaani ufundi huu wa kukausha wanyama, na majaji wake hupita na tochi wakimulika ndani ya pua za wanyama ili kuona kama fundi alijali sehemu ambayo mtazamaji wa kawaida hataifikia. Mtu anayetafuta fahari ya kuua hahangaiki na tundu la pua. Anayehangaika nalo ni mtu aliyegundua, pengine kwa mshangao, kwamba amewaona mbweha maisha yake yote na hajui pua ya mbweha imekaaje.

Nadhani hapo ndipo penye kiini cha raha yenyewe, na mengine yote yanazaliwa hapo. Jicho linapotazama hupitia juu juu, linatambua kanga ni kanga na kuendelea na safari. Mkono unaomvua kanga ngozi yake na kutakiwa kumrudisha alivyokuwa hauwezi kupitia juu juu. Utalazimika kujua bawa linakunjika wapi, goti halisi la ndege liko ndani ya manyoya na kile tunachokiita goti ni kifundo, shingo ni ndefu maradufu ya inavyoonekana kwa sababu imejipinda. Kosa linaonekana papo hapo: ndege anakuwa kama mfuko uliojazwa pamba. Wanaoipenda kazi hii wanasema wanafurahia utulivu wake, kushona kwa subira, kutatua tatizo baada ya tatizo. Yote ni kweli, ila utulivu na subira vinapatikana hata kwenye kufuma vitambaa. Kinachopatikana hapa tu ni kumjua kiumbe kwa namna ambayo hata mfugaji wake hamjui.

Ushahidi mzuri wa hili ni maisha ya Carl Akeley, Mmarekani ambaye kaburi lake liko jirani zetu, kwenye miteremko ya mlima Mikeno mashariki mwa Kongo. Kazi yake ya kwanza, akiwa bado mtoto, ilikuwa kumkausha ndege wa kufugwa wa jirani ili kumliwaza mwenye ndege. Alipokua alikuta mafundi wa zama zake wakiwajaza wanyama majani makavu na vipande vya mbao mpaka wavimbe, akaona ni aibu. Akaanza kumfinyanga mnyama kwa udongo, msuli kwa msuli, mshipa kwa mshipa, kisha kuchukua umbo hilo kwa plasta na kutengeneza kiunzi chepesi ambacho ngozi ilivishwa juu yake. Tembo wake wawili wanaopigana walianza kuonyeshwa katika makumbusho ya Field, Chicago, mwaka 1909, na bado wapo. Mwaka 1921 alikwenda Kongo kuwatafuta sokwe wakubwa wa milimani kwa ajili ya makumbusho ya New York. Aliwaua kadhaa, na hilo halifichiki. Lakini mtu aliyekwenda kuchukua ngozi alirudi akiwa mtetezi: alimshawishi Mfalme Albert wa Ubelgiji awawekee sokwe hao hifadhi, na mwaka 1925 ikatangazwa Hifadhi ya Albert, ambayo leo ni Virunga. Akeley alifariki huko huko Novemba 1926. Simtaji ili kumsafisha. Namtaja kwa sababu mtu aliyelazimika kufinyanga uso wa sokwe kwa vidole vyake alishindwa kuendelea kumwona kama shabaha.

Kuna wanaodhani mambo haya ni ya Wazungu, na kwamba Mwafrika aliyeshika kazi hii ameazima tabia. Historia inasema vingine. Charles Darwin alipokuwa mwanafunzi Edinburgh mwaka 1826 alimlipa John Edmonstone, mtu mweusi aliyewahi kuwa mtumwa Guyana, amfundishe kuhifadhi ngozi za ndege. Ujuzi huo ndio aliosafiri nao kwenye meli ya Beagle, na bila ngozi za ndege zilizotayarishwa safarini humo ingekuwa vigumu kwa wataalamu wa London kuona tofauti za ndege wa visiwa vya Galapagos. Karibu zaidi na sisi yupo Jali Makawa, aliyefanya kazi miaka mingi na mtaalamu wa ndege C. W. Benson huko Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, yaani Malawi na Zambia za leo. Mwaka 1964, kaskazini magharibi mwa Zambia, alipatikana ndege mdogo ambaye hakufanana na wenzake, na mwaka uliofuata akapewa jina la kisayansi la kumuenzi Makawa. Ngozi hiyo imehifadhiwa Tring, Uingereza, na mpaka sasa ndiyo pekee duniani. Wataalamu wa vinasaba wameichunguza na wanabishana kama ni spishi ya peke yake au ni ndege wa kawaida aliyebadilika rangi. Ubishi huo wote unawezekana kwa sababu ngozi ilitayarishwa vizuri na ikaandikiwa kibandiko.

Nyanda zetu za kati hazianzi na mikono mitupu. Wagogo ni wafugaji wa tangu zamani. Ngozi ya ng'ombe ilikuwa kitanda, ngozi laini ilikuwa vazi na mbeleko, na mpaka leo mwanamke anayepiga ngoma ya muheme anajua, bila kufundishwa darasani, ngozi ipi italia vizuri na ipi itapasuka jua likiwa kali. Chumvi ilikuwa ikichemshwa Bahi na kuuzwa mbali kabla ya reli kufika. Mpwapwa kuna kituo cha mifugo kilichoanzia enzi za Wajerumani, ambako ng'ombe wa Mpwapwa alizalishwa kwa miaka mingi ya kuchanganya mbegu. Kolo, Kondoa, kuna michoro ya miambani ambayo UNESCO iliiingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2006, na aliyechora pofu na twiga wale alijua mwendo wa mnyama kwa kiwango kinachowafedhehesha wachoraji wengi wa mabango yetu ya utalii. Dodoma mjini, Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini inatunza mkusanyo wa mawe na madini ya nchi nzima, kila kipande na namba yake. Tunajua basi kutunza jiwe ili mjukuu aje alisome. Sioni kwa nini tushindwe kutunza ndege.

Na ndege mwenyewe ni kwelea kwelea. Mkulima wa uwele, mtama au mpunga wa Bahi, Kondoa au Manyoni hahitaji maelezo. Ni ndege wa gramu 20 hivi, anakula kama gramu 10 za nafaka kwa siku, na anakuja kwa mamilioni. Kundi la milioni moja linaweza kumaliza tani 10 kati ya mawio na machweo. Serikali inapeleka ndege ya kunyunyizia sumu ya fenthioni kwenye mazalia yao, na Kondoa watu wamewanasa kwa mitego miaka mingi wakawala, kitoweo kinachosifiwa. Hakuna ndege wa porini duniani aliye mwingi kumzidi. Tunawaua kwa wingi wa kutisha, halafu hatuchukui kitu kutoka kwao zaidi ya harufu ya mzoga na, kwa Kondoa, sahani ya kitoweo. Ikiwa kuna kiumbe anayeweza kumfundisha mtoto wa sekondari elimu ya viumbe bila kupunguza hazina ya taifa hata chembe, ni huyu.

Mchukue kwelea dume aliyenaswa kwenye wavu, siyo aliyekufa kwa sumu, umweke mezani. Mdomo ni mwekundu kabisa, uso una kinyago cheusi, na kuzunguka kinyago hicho kuna rangi ya waridi au manjano inayotofautiana dume hadi dume, kiasi kwamba ukipanga kumi mstari mmoja hutapata wawili waliofanana. Jike wa wakati wa kuzaliana mdomo wake hugeuka manjano. Mkulima aliyewafukuza kwa kombeo miaka 30 huenda hajawahi kuliona hilo, kwani aliona wingu tu. Mpasuo unaanzia kifuani hadi karibu na mkia, usiguse ukuta wa tumbo. Unga wa mahindi unanyunyizwa kila hatua kunyonya mafuta na damu. Ngozi inasukumwa kwa ukucha wa kidole gumba, haivutwi. Ikivutwa inarefuka na ndege anaharibika umbo. Mapaja yanakatwa kwenye maungio, mabawa vivyo hivyo, kisha ngozi inapinduliwa juu ya fuvu taratibu hadi machoni, ambapo utando mwembamba unakatwa bila kugusa kope. Ubongo unatolewa kwa nyuma. Boraksi inapakwa, pamba inasokotwa kwenye kijiti badala ya mwili, tumbo linashonwa kwa uzi mwembamba. Kabla ya kutupa mwili, tumbo linapasuliwa: ana korodani zilizovimba au mayai? Firigisi ina mbegu gani, mtama wa shambani au nyasi za porini? Mwishowe kibandiko mguuni: mahali, tarehe, jinsia, uzito, mafuta yaliyokutwa chini ya ngozi, jina la aliyetayarisha.

Swali lile la firigisi lina thamani kubwa. Katika miaka ya 1950, mtafiti wa ndege wa Tanganyika, H. J. de S. Disney, na mwenzake A. J. Marshall walichunguza jinsi kwelea wa Afrika Mashariki wanavyozaliana, wakachapisha matokeo yao mwaka 1956. Kazi za namna hiyo, za kuwapasua na kuwapima ndege msimu baada ya msimu, ndizo zilizoonyesha kwamba kuzaliana kwao kunafuata mvua na majani mabichi. Baadaye Disney akawa mtunzaji wa ndege katika makumbusho ya Sydney, Australia. Kama kila shule ya kata inayopakana na mashamba ya uwele ingetayarisha kwelea wachache kila msimu, wakiwa na kibandiko kilichojazwa vizuri, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu ingekuwa na daftari ambalo ndege ya kunyunyizia sumu haiwezi kulipata: lini walinenepa, lini walianza kuzaliana, walikuwa wakila nini kabla ya kugeukia shamba. Raha na faida si lazima vigombane.

Sasa pingamizi, na ninaanza na lenye uzito kuliko yote. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inahesabu kuwa nyara si pembe na meno tu. Ngozi, mfupa, kucha, nywele, unyoya na yai pia, viwe vimetengenezwa au la. Kukutwa navyo bila kibali ni kosa linaloweza kupelekwa mahakamani kama uhujumu uchumi, na adhabu yake ni miaka mingi gerezani. Ukali huo una sababu. Tembo wa Tanzania walishuka kutoka takriban 109,000 mwaka 2009 hadi takriban 43,000 mwaka 2014, na mapori ya Ruaha na Rungwa, haya haya tunayoyazungumzia, yalikuwa miongoni mwa yaliyoumizwa. Mtu wa doria anaweza kuuliza kwa haki: mkiwafundisha vijana kukausha wanyama, mtamzuiaje jangili kujiita msanii? Nadhani jibu ni kuweka mipaka inayoonekana kwa macho. Masomo yaanze na kuku, njiwa wa kufugwa, sungura, mbuzi, samaki wa bwawa la Mtera, ambao siyo nyara za serikali. Kwelea waingie kwa kibali cha mamlaka ya wanyamapori, TAWA, kinachotolewa kwa chuo au shule na siyo kwa mtu binafsi, chenye daftari la kila ngozi, na bila ruhusa ya kuuza. Jangili hapendi daftari. Zaidi ya hapo, anayemkamata kijana na ngozi ya chui anahitaji shahidi anayeweza kusema mahakamani hii ni ngozi ya chui na siyo ya duma, na ushahidi huo hutoka kwa watu waliowahi kushika ngozi za wote wawili. Chuo cha wanyamapori cha Mweka, kilichoanzishwa mwaka 1963, kina vielelezo vya kufundishia kwa sababu hiyo.

Kenya inatupa funzo la upande mwingine. Nairobi ilikuwa na karakana kubwa ya kukausha wanyama ya Mjerumani Paul Zimmermann, na mtaa wa Zimmerman, pembeni mwa barabara ya Thika, umebeba jina lake. Kenya ilipopiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na biashara ya nyara za wanyamapori mwaka uliofuata, kazi hiyo ilinyauka, kwa kuwa ilikuwa imesimama juu ya mfuko wa mgeni peke yake. Jina la mtaa limebaki, wapangaji wengi hawajui limetoka wapi. Ufundi wa nyanda za kati ukijengwa juu ya vitalu vya uwindaji vya Rungwa tu, utakuwa na hatima hiyo siku soko la uwindaji likifungwa, na dalili za soko hilo kubanwa Ulaya zinaonekana kila mwaka. Ukijengwa juu ya shule na makumbusho utadumu. Hata hivyo Wakenya hao hao walionyesha kwamba taifa linaweza kumhifadhi mnyama kwa huzuni, bila biashara. Ahmed, tembo wa Marsabit mwenye pembe za kugusa ardhi, aliwekwa chini ya ulinzi wa amri ya Rais Jomo Kenyatta mwaka 1970. Alipokufa mwaka 1974 mifupa yake ilipelekwa makumbusho ya Nairobi, na sanamu yake ya ukubwa kamili imesimama uani pale. Wanafunzi wanaopiga picha chini yake hawasherehekei kifo cha tembo.

Pingamizi la pili halisemwi kwa sauti kwenye mikutano, ila ndilo litakaloamua: uchawi. Mtu mwenye ngozi, mafuvu na ndege wakavu nyumbani, Singida au Dodoma vijijini, ataitwa nani? Tusijidanganye kwamba hofu hii ni ya kuchekesha. Vikongwe wameuawa katika mikoa ya kati na ya magharibi kwa sababu ya macho mekundu tu, na neno kuchuna ngozi bado linawatia watu hofu tangu mauaji ya kule Mbeya mwishoni mwa miaka ya 1990. Ndiyo maana nasema kazi hii ianzie darasani, mchana, madirisha yakiwa wazi na wazazi wamealikwa. Kinachofanywa sirini ndicho kinachozaa uvumi. Kwa upande wa dini, Waislamu wanajua kwamba mafakihi wamejadili kwa karne nyingi hukumu ya ngozi ya mzoga na jinsi kuitengeneza kunavyoitoharisha, wakitofautiana kwa baadhi ya wanyama. Wapo masheikh wasiopenda mnyama mzima kuwekwa sebuleni kama pambo, na rai hiyo iheshimiwe. Ngozi ya kufundishia, iliyolala kwenye droo na kibandiko mguuni, haiabudiwi wala haipambi.

Kuna wanaosema picha inatosha, kwamba simu ya mkononi imemaliza haja ya kumgusa mnyama. Mwaka 1898 John Patterson aliwaua simba wawili wa Tsavo waliokuwa wakila wajenzi wa reli. Picha zilipigwa, kitabu kikaandikwa, na ngozi zikakaa sakafuni kwake kama mazulia kwa robo karne, hadi makumbusho ya Chicago yalipozinunua pamoja na mafuvu mwaka 1924 kwa dola 5,000 na kuwasimamisha simba hao upya, wadogo kuliko walivyokuwa hai kwa sababu mazulia yalikuwa yamepunguzwa pembezoni. Mwaka 2024 watafiti walitangaza kwamba wamechunguza nywele zilizonasa kwenye meno yaliyovunjika ya simba hao na kuzisoma kwa vinasaba: twiga, pundamilia, nyumbu, kuro, choroa, na binadamu. Picha ya 1898 isingeweza kuulizwa swali hilo, kwa kuwa mwaka huo hakuna aliyejua kwamba swali lenyewe linaweza kuulizwa.

La sumu nalipitia haraka kwa kuwa limekwisha kupata dawa: wakaushaji wa zamani walipaka aseniki, na vielelezo vyao vikongwe vishikwe kwa glavu, leo inatumika boraksi, na usafi wa mikono ni ule ule wa mchinja kuku. La umaskini ndilo linalonikera. Husemwa kwamba mkoa wenye upungufu wa madawati hauna nafasi ya anasa hii. Lakini vifaa vyenyewe ni kisu chenye makali, sindano, uzi, pamba, unga kiganja kimoja na boraksi, na kielelezo chenyewe kinaangamizwa bure kila mwaka kwa fedha za serikali. Shule nyingi hufundisha maungio ya bawa kwa mchoro uliofifia kwenye kitabu ambacho wanafunzi watano wanakichangia, huku kwelea wakitua kwenye mwiba nje ya dirisha. Anasa ni hiyo ya kuwapuuza.

Na wapo tayari wanaoweza kufundisha. Mchunaji wa Rungwa anayejua kugeuza sikio la tandala bila kulitoboa hana cheti, na baada ya Desemba vitalu vikipoa anarudi kulima. Mamlaka ya mafunzo ya ufundi, VETA, ina utaratibu wa kutambua ujuzi wa mafundi waliojifunzia kazini, kwa waashi, makanika na wapishi. Kumwongeza mchunaji kwenye orodha hiyo hakuhitaji sheria mpya. Chuo Kikuu cha Dodoma kina wanafunzi wa sayansi za viumbe. Kibali kimoja cha TAWA, wavu mmoja Kondoa, na mchunaji mmoja aliyelipwa kama mwalimu wa muda vinatosha kuanza uwele wa msimu ujao utakapoanza kutoa masuke.